Ustawi wa familia inayomlea mtoto mwenye usonji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi, bibi na babu, shangazi, wajomba na yeyote mwingine ambaye mtoto mwenye usonji (kwa Kiingereza autism) anamtegemea kila siku. Mifano mingi imetoka Tanzania, na michache Kenya. Maelezo kuhusu mtoto mwenyewe utayapata kwa daktari na kwa mwalimu wa elimu maalumu. Hapa anayezungumziwa zaidi ni yule anayelea.

Kwa nini tuzungumzie afya ya mlezi wakati anayehitaji msaada ni mtoto?

Kwa sababu mtoto huyu atamtegemea mlezi wake kwa miaka mingi kuliko watoto wengine, na mlezi aliyeishiwa nguvu hawezi kuwa na subira, utaratibu na umakini ambao mtoto anauhitaji zaidi ya kitu kingine chochote. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, walipima homoni ya msongo katika mate ya akina mama wenye vijana na watu wazima walio na usonji, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha hali inayofanana na ya watu walioishi na msongo wa muda mrefu, wakiwemo askari waliotoka vitani. Akina mama hao waliishi katika nchi yenye huduma nyingi kuliko zetu. Kwa hiyo mama anayesema amechoka asihesabiwe kuwa mdhaifu wala mlalamishi. Mwili wake unabeba mzigo halisi, na ndugu zake wanapaswa kumsikia mapema.

Nilikosea wapi?

Hukukosea. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza kabla mtoto hajazaliwa, na urithi wa vinasaba una mchango mkubwa kuliko jambo lingine lolote linalojulikana; kuzaliwa kabla ya wakati na umri mkubwa wa wazazi huongeza uwezekano kwa kiasi fulani. Hautokani na laana, uchawi, mahari isiyolipwa, ugomvi wa wakati wa ujauzito, wala televisheni.

Ni vyema kujua kwamba lawama kwa mama hazikuanzia kijijini kwetu. Leo Kanner, daktari aliyeueleza usonji nchini Marekani mwaka 1943, aliandika kuhusu ubaridi aliodai kuuona kwa wazazi wa watoto hao, na baadaye mwandishi Bruno Bettelheim akaeneza dai kwamba watoto walijifungia ndani ya nafsi zao kwa kukosa upendo wa mama. Wasomi waliliamini dai hilo kwa miaka mingi, na akina mama wengi waliumizwa nalo. Miongoni mwa waliolipinga alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, ambaye mwaka 1964 alichapisha hoja zake kwamba chanzo kimo katika mwili. Huko London, Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili na mama wa binti mwenye usonji, alikuwa miongoni mwa wazazi walioanzisha chama chao mwaka 1962. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua leo ilitafutwa na wazazi waliokataa kulaumiwa.

Chanjo ya surua nayo haihusiki. Makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha, na utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliohusu watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji. Tafadhali usimnyime mdogo wake chanjo.

Tukipata mtoto mwingine, naye atakuwa na usonji?

Anaweza kuwa nao, lakini uwezekano mkubwa ni kwamba hatakuwa nao. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watoto wanaozaliwa baada ya kaka au dada mwenye usonji, takribani mmoja kati ya watano hugunduliwa kuwa nao. Uamuzi wa kuzaa tena ni wa wazazi wawili, na hakuna mkwe wala jirani anayepaswa kuwashinikiza upande wowote.

Daktari ametuambia juzi kwamba mtoto ana usonji. Tufanye nini kwanza?

Jipeni muda wa kuumia. Wazazi wengi hulia, hukana, hukasirika au hukaa kimya kwa wiki nzima, na hakuna kati ya hayo linaloonyesha kwamba hawampendi mtoto wao. Baba na mama mara nyingi hawaumii kwa namna moja wala kwa kasi moja, na ugomvi mwingi wa miezi ya mwanzo hutokana na kila mmoja kumtaka mwenzake awe amefika pale alipofika yeye.

Nguvu ikirudi, hakikisheni mtoto amepimwa usikivu, kwa kuwa kutosikia kunaweza kufanana na kutojali, na mwelezeni daktari ikiwa mtoto amewahi kukakamaa, kutetemeka au kupotelewa na fahamu, kwa maana kifafa huonekana zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa wengine. Ulizeni kuhusu tiba kwa vitendo, inayomfundisha mtoto shughuli za kila siku, na tiba ya usemi. Katika hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza, mtaelekezwa kitengo kinachofaa, lakini wataalamu hawa ni wachache na foleni ni ndefu. Msisubiri foleni iishe ndipo mwanze kuishi. Mtoto anayepangiwa siku yake kwa mtiririko uleule, anayeambiwa maneno machache yaliyo wazi, na anayepewa nafasi ya kuchagua kati ya vitu viwili alivyoonyeshwa, tayari anasaidiwa.

Nitajuaje kama ni uchovu wa kawaida au ni ugonjwa?

Uchovu wa kawaida hupungua mtu akilala na akipata msaada. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyozidi, haiondoki kwa usingizi wa siku moja. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huna furaha na kitu chochote, unalia bila kujua sababu, unakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, huna hamu ya kula, au unajiona huna thamani, nenda kituo cha afya na useme hivyo kwa maneno hayohayo. Wahudumu wengi hawataona kitu wasipoambiwa, kwa sababu wamezoea kumtazama mtoto uliyembeba. Na ikiwa umewahi kufikiri kwamba afadhali ufe, au afadhali wewe na mtoto mfe pamoja, mwambie mtu mmoja leo, usibaki peke yako na mtoto usiku huo, na ufike hospitali. Wazo hilo huwajia wazazi wengi waliozidiwa kuliko wanavyodhani, na sonona inatibika.

Nitapumzika vipi wakati hakuna wa kuniachia mtoto?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote yaliyomo hapa, na ushauri wa jumla wa kumwambia mlezi ajipende haumsaidii mtu ambaye tangu alfajiri hajapata nafasi ya kuoga. Mapumziko hayapatikani mpaka mtu mwingine ajue kumshika mtoto, na mtu huyo hatajua mpaka afundishwe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwandaa mtu.

Chagua ndugu au jirani mmoja ambaye mtoto hamwogopi. Aje nyumbani akae nanyi pamoja siku kadhaa, aone mtoto anavyokula, anavyoomba maji, kinachomtisha na kinachomtuliza. Mara ya kwanza utoke kwa nusu saa tu, ukiwa karibu. Muda uongezwe kidogo kidogo, na kila mara mtoto aonyeshwe kwa namna ileile kwamba unatoka na utarudi, kwa mfano kwa kumpa leso yako aishike. Baada ya miezi michache familia nyingi huweza kufikia saa mbili au tatu kwa wiki, na saa hizo zikiwa na siku maalumu zina thamani kuliko siku nzima inayoahidiwa bila kutimizwa.

Ombi lako liwe la kitu mahususi. Ukimwambia wifi yako, «Nisaidieni jamani,» atakuonea huruma na kuondoka. Ukimwambia, «Wifi, Jumamosi saa nne hadi saa saba nakuomba ukae na mtoto, chakula chake nitakuwa nimepika,» atakubali au atakataa, na utajua la kufanya. Wanaoogopa kukaa na mtoto wana kazi nyingine za kufanya: kwenda sokoni, kufua, kumpeleka mdogo wake kliniki, kukaa foleni ya dawa. Wazazi wawili wenye watoto wenye usonji wanaweza pia kupokezana, mmoja akawa na watoto wote asubuhi na mwenzake mchana.

Muda ukipatikana, usiujaze kazi za nyumbani wote. Lala, nenda kwenye kikoba chako, nenda ibadani, kasukwe nywele. Mama asidaiwe maelezo kwa saa mbili za kuwa mtu kama watu wengine.

Baba anasaidiaje? Na ni kweli ndoa nyingi huvunjika?

Inasemwa sana kwamba ndoa nyingi za wazazi hawa huvunjika. Uchambuzi wa takwimu za kitaifa nchini Marekani ulionyesha asilimia 64 ya watoto wenye usonji wakiishi na wazazi wao wote wawili, ikilinganishwa na asilimia 65 ya watoto wengine. Tafiti nyingine zimeonyesha tofauti kubwa zaidi, lakini hakuna inayothibitisha kwamba mtoto huyu ni hukumu juu ya ndoa. Kinachoumiza ndoa ni mgawanyo wa mzigo. Pale ambapo baba anatoa nauli na ada, na mama anatoa mwili na usingizi wake wote, chuki hukua hata kati ya watu wanaopendana.

Baba achukue sehemu ya siku iwe yake kabisa, kwa mfano kuogesha na kulaza, au Jumapili asubuhi yote, bila kumwita mama kila dakika. Aende kliniki pamoja naye angalau mara kadhaa, kwa sababu aliyesikia maelezo kwa masikio yake hubishana kidogo akirudi nyumbani. Na ndugu zake wakianza kusema kwamba damu mbaya imetoka upande wa mke, ni wajibu wa baba kuwanyamazisha. Mama hapaswi kujitetea mbele ya ukoo wa mume akiwa peke yake.

Kaka na dada zake tuwaambie nini?

Waambieni ukweli mapema, kwa kadiri ya umri wao: ubongo wa ndugu yao unafanya kazi kwa namna nyingine, hakuna aliyemroga, na haiambukizwi. Wapewe ruhusa ya kukasirika daftari likichanwa. Watengewe muda wao, hata dakika 20 kwa siku, ambapo mzazi ni wao peke yao. Binti mkubwa ndiye wa kumwangalia zaidi, maana katika nyumba nyingi hugeuzwa mama wa pili kimyakimya, akaanza kukosa shule au michezo, na husifiwa kwa hilo badala ya kuokolewa.

Watu wanatukodolea macho kwenye daladala na katika nyumba ya ibada. Niwajibu nini?

Huna deni la maelezo kwa kila abiria. Sentensi moja uliyoizoea inatosha: «Mwanangu ana usonji, kelele zinamuumiza, atatulia.» Isemwe kwa sauti ya kawaida, kisha urudi kwa mtoto wako. Kwa watu mnaokutana nao kila mara, kama shehe, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa na muuza duka, ni vizuri kuwaeleza siku ambayo mtoto ametulia, kwa kuwa watakuwa watetezi wenu siku ambayo hajatulia.

Ni kosa kumfungia ndani kwa usalama wake?

Mzazi anayefunga mlango mara nyingi anaogopa, na hofu yake ina msingi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufikisha miaka 4, na hatari kubwa kwao ni magari na maji. Kwetu maji ni bahari, mto, kisima kisichofunikwa na pipa lililo uani. Hata hivyo kumfungia peke yake chumbani au kumfunga kamba humnyima kujifunza na humuumiza, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna inayomvunjia utu.

Kinachofaa ni komeo la juu kwenye geti huku mtu mzima akiwa naye, nambari ya simu iliyoshonwa ndani ya nguo zake zote, na majirani, wenye maduka na vijana wa kijiwe cha bodaboda wanaomjua kwa sura na kwa jina. Angalieni anapenda kwenda wapi akitoka, kwa maana huko ndiko kwa kuanzia kumtafuta. Na penye maji karibu, watafutaji waanzie majini. Afundishwe kuogelea mapema iwezekanavyo.

Halali usiku, nasi hatulali.

Matatizo ya usingizi ni ya kawaida sana katika usonji, na huenda ndiyo yanayoivunja familia haraka kuliko mengine yote. Saa ileile ya kulala, taa hafifu, simu na televisheni kuzimwa saa moja kabla, na mfululizo uleule wa kuoga, kula na kulala husaidia baadhi ya watoto baada ya wiki kadhaa. Mweleze daktari, kwa sababu kufunga choo, maumivu ya meno, minyoo au kifafa vinaweza kuwa chanzo, na ipo dawa ya usingizi iitwayo melatonini ambayo hutolewa kwa ushauri wake. Wakati huohuo pangeni zamu: mmoja akeshe hadi saa nane usiku, mwingine apokee. Mzazi aliye peke yake alale mchana mtoto akiwa shule, na vyombo visubiri.

Nimempiga kwa hasira. Je, kumchapa kutamfundisha?

Hakutamfundisha. Mtoto aliyelipuka kwa sababu ya kelele, mwanga, njaa au badiliko la ghafla hayuko katika hali ya kujifunza lolote, na kiboko huongeza tu hofu. Punguza maneno, punguza kelele, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, kaa karibu, subiri. Ukihisi mkono unataka kunyanyuka, mweke mahali salama, toka mlangoni, pumua polepole mpaka moyo utulie, kisha rudi. Ikiwa tayari umempiga, usijifiche; mweleze mwenzi wako au mhudumu wa afya kwamba umefika mwisho wa nguvu, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba mzigo umezidi. Nambari 116 hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya kwa masuala ya usalama wa mtoto, na hata mzazi anaweza kuipiga kwa ajili ya nafsi yake.

Tumeambiwa kuna dawa inayoponya.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo dawa za hospitali kwa kifafa, usingizi au ukali uliozidi, na hizo ni msaada halisi. Sala na dua huzipa familia nguvu, na hakuna sababu ya kuziacha. Lakini anayedai fedha nyingi kwa ahadi ya uponyaji, anayemnywesha mtoto kemikali za kusafishia maji, anayemchanja au kumnyima chakula ili pepo litoke, anamdhuru mtoto na anaifilisi nyumba. Familia zimeuza shamba kwa ahadi hizo. Fedha hiyo ingelipa nauli ya kwenda kwenye tiba kwa vitendo kwa miaka.

Shule itampokea?

Elimumsingi katika shule za serikali nchini Tanzania haina ada tangu mwaka 2016, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma. Zipo shule zenye vitengo vya watoto wenye usonji, kama Msimbazi Mseto iliyoko Ilala, lakini ni chache na nafasi hujaa. Muone afisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Nchini Kenya, vituo vya upimaji na rasilimali za elimu vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1984 ndivyo vinavyompima mtoto na kumwelekeza. Shule ni haki ya mtoto, na pia ndiyo mapumziko ya pekee ya uhakika ambayo walezi wengi watayapata.

Kuna msaada wowote wa fedha?

Nchini Tanzania upo, ingawa hautoshi. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, uombe mtoto aandikishwe kuwa mwenye ulemavu, kwa kuwa bila kumbukumbu hiyo milango mingi haifunguki. Kaya maskini zinaweza kuingia katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 zikiwa za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Akina mama wanaolea wanaweza kuunda kikundi na kuomba, wakachagua biashara inayofanyika nyumbani. Kwa aliyeajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo katika mzunguko wa likizo kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto au msiba wa ndugu wa karibu. Siku 4 ni chache mno kwa mzazi wa mtoto huyu, na waajiri wenye utu hukubali kubadilishana zamu.

Kuna mafunzo kwa wazazi?

Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa kukua, wakiwemo wenye usonji. Yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanaweza kuongozwa na watu wasio madaktari bingwa, na yamejaribiwa Kenya na Ethiopia. Humfundisha mlezi kucheza na mtoto, kumpa sababu ya kuwasiliana na kuelewa tabia ngumu, na sehemu yake moja inahusu utulivu wa mlezi mwenyewe. Yapo pia mtandaoni bila malipo. Ukiweza kuyasoma pamoja na wazazi wengine wawili au watatu, fanya hivyo, kwa sababu faida ya kukaa na mtu asiyehitaji kuelezwa ni kubwa sawa na ya somo lenyewe.

Nikifa, nani atamlea?

Kila mzazi wa mtoto huyu hulifikiria swali hili, na wengi hawalitamki. Litamkeni mkiwa na afya njema. Zungumzeni na watu wawili, mmoja awe mlezi na mwingine awe msaidizi wake, na muwaulize wazi badala ya kudhani kwamba dada yake atajua wajibu wake. Andikeni wosia; nchini Tanzania RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, husaidia kuuandika na kuuhifadhi, na ndiyo inayoshughulikia pia cheti cha kuzaliwa ambacho mtoto lazima awe nacho. Mfundisheni kujihudumia kadiri awezavyo: kuoga, kuvaa, kutumia choo, kuomba msaada, kuijua njia ya nyumbani. Kisha andaeni daftari lenye dawa zake na vipimo vyake, anachokula na asichokula, maneno au ishara anazotumia, kinachomtisha, kinachomtuliza, na majina ya daktari na mwalimu wake. Watu hao wawili wajue liliko, nanyi mlipitie upya kila mwaka, kwa maana yaliyoandikwa kwa mtoto wa miaka 5 hayatafaa atakapokuwa na miaka 15.